Boksi la TV Linachemka: Kabla Hujashika Drili

Safari hii barua zimekuja na kilio kimoja, joto. Nimechukua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwenye barua alikuwa keshaandaa drili, na mi nataka boksi lake lipone.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina TV boksi, zile ndogo nyeusi za plastiki ukubwa wa kiganja, huu mwaka wa tatu ninalo. Zamani halikuwa na shida yoyote. Siku hizi naangalia mechi vizuri tu kipindi cha kwanza, ikifika mapumziko picha inaanza kurukaruka, sauti inaitangulia picha, afu linajizima lenyewe na kuwaka upya. Nimelishika kwa chini ni la moto, siwezi kuweka kiganja nikahesabu mpaka kumi. Kasha lake halina hata tundu moja la hewa kwa juu. Ninayo feni ya kompyuta ya zamani imeandikwa volti 12, nataka nitoboe juu niibandike pale. Nitoboe matundu mangapi, na feni niiunge wapi wakati boksi lenyewe linatumia volti 5? – Mpenda Mpira

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na nashukuru umeuliza kabla ya kutoboa, maana tundu ukishatoboa halirudi.

Tuanze na hilo joto linatoka wapi. Angalia adapta yako, bila shaka imeandikwa volti 5 na ampia 2 au karibu na hapo. Zidisha, unapata wati 10, hiyo ndo kikomo cha umeme wote unaoweza kuingia mle ndani, na boksi lenyewe huwa linatumia pungufu ya hapo. Ni kidogo, lakini karibu umeme wote huo unaishia kuwa joto, na sehemu kubwa inatokea kwenye chipu moja isiyozidi ukubwa wa stempu ya barua. Joto likikosa njia linarundikana. Chipu nayo imepangwa kujilinda, ikifika mahali fulani, mara nyingi kati ya nyuzi 70 na 85 kutegemea na waliolitengeneza, inapunguza spidi yake yenyewe. Hapo ndo picha inaanza kurukaruka, haina nguvu ya kufungua video kwa wakati. Joto likizidi kupanda pamoja na hayo yote, linajizima. Kwa hiyo ulichoeleza, kwanza kukwama halafu kuzima, kinafanana sana na joto.

Kufanana lakini sio kuthibitisha. Adapta iliyochoka nayo inaleta dalili hizohizo, inatoa volti pungufu mzigo ukiwa mkubwa na boksi linajiwasha upya. Nimeshaletewa boksi lililotobolewa kama chujio kumbe mgonjwa alikuwa adapta, na yule mtu niliumia kwa ajili yake. Kwa hiyo pima kwanza. Ukiwa na boksi la Android weka programu ya CPU-Z, ina ukurasa unaoonyesha joto la chipu. Kama unajua kutumia terminali, soma faili la /sys/class/thermal/thermal_zone0/temp, kwa kawaida linakupa namba kwa elfu, yaani 78000 ni nyuzi 78. Soma likiwa limetoka kuwaka, soma baada ya nusu saa ya mechi, andika kwenye karatasi.

Halafu fanya jaribio ambalo halina gharama yoyote. Ligeuze boksi chali au lisimamishe kwa ubavu, washa feni ya kawaida ya nyumbani ilipulizie moja kwa moja, uangalie mechi nzima. Likimaliza dakika 90 bila kukwama, tatizo ni joto na tuendelee. Likijizima vilevile huku namba ziko chini, weka drili pembeni utafute adapta nyingine nzima yenye volti ileile na ampia zisizopungua zile za mwanzo.

Tuchukulie ni joto. Chomoa kila kitu, adapta, HDMI, vyote. Skrubu mara nyingi zimefichwa chini ya vile vimiguu vya raba, vibandue taratibu uvitunze. Ukishatoa skrubu pitisha kadi ya plastiki kwenye mshono uzunguke nayo pole pole mpaka vishikizo viachie, usitumie bisibisi ya chuma utakwangua bodi. Na usilivute ganda kwa pupa! Kuna kiwaya chembamba cha antena ya Wi-Fi, mara nyingi kimegandishwa kwenye ganda la juu kwa gundi, ukinyofoa kwa nguvu unakata, na hapo umejiongezea tatizo la pili.

Sasa angalia chipu kubwa ya katikati. Kwenye maboksi mengi madogo utakuta juu yake kuna kibati cha alumini kilichobandikwa kwa utepe mnene wa sponji, au kibati kiko upande wa ganda la chini kimekaa tu hapo hata hakiigusi chipu sawasawa. Mi nakwambia kwa moyo wote, shida kubwa iko hapa, kabla hujafikiria matundu. Alumini inapitisha joto kiasi cha mara elfu moja kuliko plastiki, na ukilinganisha na hewa iliyotulia ni zaidi ya mara elfu saba. Kwa hiyo pengo la hewa la nusu milimita tu kati ya chipu na kibati ni kama ukuta. Utaweka feni juu, utatoboa matundu mia, joto litaendelea kukaa kwenye chipu kwa sababu halina daraja la kuvukia.

Daraja lenyewe ni pedi ya joto, ile laini kama ufizi inayouzwa kwa unene wa nusu milimita, milimita moja, moja na nusu na kuendelea. Unene ndo mtihani. Ukiweka nyembamba haigusi pande zote mbili, ukiweka nene sana ukikaza skrubu unaikandamiza chipu na bodi inapinda, na zile nukta za risasi zilizoishika chipu kwa chini zinaweza kupasuka. Namna ya kupima pengo: chukua kipande cha udongo wa kufinyangia wa watoto, kizungushie nailoni ile ya kufunikia chakula ili kisiache mafuta, weka juu ya chipu, funga kasha kama kawaida, fungua. Unene wa udongo uliobaki ndo pengo lako, chagua pedi inayozidi kidogo sana ili ibonyee. Kabla ya kuiweka safisha chipu na kibati kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi mpaka ile gundi ya zamani iishe kabisa.

Kama ndani kuna nafasi, toa kile kibati bapa uweke hitisinki ya kweli, yaani ile ya alumini yenye mapezi. Mapezi yanaongeza eneo linalogusana na hewa, na hewa ndo itakayobeba joto kulitoa nje. Ikiwa ni ya kubandika, tumia utepe maalumu wa kupitisha joto au gundi maalumu ya kazi hiyo. Gundi ya super usiitie hapo, ikikauka inakuwa ngumu na kavu, ikipokea joto na kupoa mara nyingi inaachia, na haipitishi joto la maana. Ile gundi ya bunduki nayo hapana, inalainika kwa joto, hitisinki itateleza usiku mmoja na kuangukia vile vifaa vidogo vya pembeni. Na hakikisha chuma hakigusi kitu kingine chochote kwenye bodi zaidi ya mgongo wa chipu.

Fanya hilo tu kwanza. Funga, pima tena, linganisha na karatasi yako. Kwenye boksi la kwangu mimi kubadilisha pedi kulishusha joto kuliko feni niliyokuja kuiweka baadaye, na ningeanza na feni nisingelijua hilo.

Haya, tuje kwenye kutoboa. Wewe unataka kutoboa juu, na watu wote huanzia juu kwa sababu ndo wanapoona. Hewa moto kweli inapanda, lakini haiwezi kutoka kama hakuna nyingine inayoingia kushika nafasi yake. Kwa hiyo matundu ya chini yana kazi kubwa kama ya juu, mi hata nayaona ni muhimu zaidi, maana ya juu yanamwaga vumbi na maji ya chai ndani moja kwa moja wakati ya chini na ya ubavuni hayana hatari hiyo. Mpango wangu ni huu, toboa chini kuizunguka sehemu iliyo usawa wa chipu, afu toboa ubavuni karibu kabisa na juu, upande wa nyuma na wa kushoto au kulia, juu kabisa uache mpaka uone kama bado unahitaji. Kisha linyanyue boksi kwa miguu mirefu zaidi, ile miguu yake ya raba ina milimita mbili tu na hewa haipiti hapo, weka kama sentimita moja. Vizibo vinne vya chupa vilivyobandikwa kwenye pembe vinatosha kabisa.

Ukubwa wa tundu, milimita 3 au 4. Kumbuka ukiongeza upana wa tundu mara mbili eneo lake linaongezeka mara nne, kwa hiyo matundu machache ya milimita 4 yanafanya kazi ya mengi ya milimita 2. Lakini usiende makubwa sana, mende na sisimizi wanapenda sehemu zenye uvuguvugu, na mende akitembea juu ya bodi iliyo na umeme anaweza kuunganisha visivyotakiwa kuungana. Kama nyumbani kuna wadudu bandika kipande cha wavu wa chandarua kwa ndani.

Wakati wa kutoboa BODI ISIWEMO NDANI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeshaona watu wanatoboa bodi ikiwa mle wanasema watakuwa makini. Itoe yote, iweke kwenye karatasi mbali na unga wa plastiki. Kabla ya kuitoa piga alama kwa kalamu kwenye ganda, hapa ndo palipo chipu, hapa nguzo za skrubu, hapa antena, hapa kile kioo cheusi cha mbele ambako rimoti inasomeka, sehemu hizo usiziguse. Chora mistari ya mraba, weka nukta, kila nukta ichome kidogo kwa ncha ya msumari ili drili isiteleze. Weka kipande cha mbao nyuma ya ganda, spidi ya drili iwe ndogo, plastiki ikipata moto inayeyuka na kujikunja kwenye ncha. Kuna wanaotoboa kwa chuma cha kuyeyushia risasi, kinatoboa kweli lakini moshi wa plastiki ile ni mbaya kwa mapafu na matundu yanatoka na midomo iliyojikunja. Ukimaliza kwangua kingo kwa kisu, piga msasa kidogo, osha ganda kwa maji na sabuni, likauke kabisa kabisa, ndo urudishe bodi.

Pima tena. Wengi wanaishia hapa na hawahitaji feni, na boksi lisilo na feni ni boksi lisilo na kelele, halina kitu cha kuharibika.

Bado unataka feni? Sawa. Hiyo yako ya volti 12 usiitupe. Feni nyingi za volti 12 ukizipa 5 zinazunguka polepole na kimya, na kwa boksi dogo upepo huo unaweza kutosha, lakini nyingine haziwezi hata kuanza kuzunguka. Ijaribu, ikisita kuanza usiitumie, tafuta ya volti 5 ya milimita 40. Umeme uchukue kwenye tundu la USB la boksi lenyewe. Kata waya wa USB wa zamani, ndani kwa kawaida kuna nyaya nne, nyekundu ni chanya ya volti 5 na nyeusi ni hasi, nyeupe na kijani ni za data, hizo zikate fupi uzifunge kila moja peke yake zisigusane. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Kama una mita ya kupimia umeme thibitisha kwanza, rangi za waya wa bei chee huwa zinadanganya. Tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa mpaka miliampia 500, soma kibandiko cha feni, ndogo nyingi zinatumia chini ya 200, kwa hiyo haina shida. Ila kama adapta yako ndo ile ya wasiwasi na pia umechomeka hadi diski, ipe feni chaja yake ya simu ya zamani.

Uelekeo wa upepo sasa. Upepo unaingilia upande ulio wazi na kutokea upande wenye kibandiko na zile nguzo zinazoshika mota. Ukiiweka feni juu ya kasha inyonye na kutoa nje, matundu ya chini na ubavuni yawe ya kuingizia. Na hesabu eneo. Feni ya milimita 40 ukiondoa kitovu chake cha katikati, tuseme milimita 25, inabaki na uwazi wa kama sentimita za mraba 7.7. Tundu moja la milimita 4 ni kama 0.126. Kwa hiyo unahitaji karibu matundu 60 ili feni ipumue bila kujibana. Ukiweka matundu kumi feni italia sana na kazi itafanya kidogo. Na sehemu inapokaa feni yenyewe usitoboe vitundu, kata duara zima, vitundu vinakaba upepo na kuleta mluzi.

Ukimaliza naomba uniandikie namba zako, kabla na baada.

SWALI: Fundi habari. Mimi nimeshaweka feni juu ya boksi langu, inapuliza kwenda chini, inazunguka vizuri na upepo nausikia, lakini joto limeshuka nyuzi mbili tatu tu. Nimenunua feni mbovu? – Aliyekata Tamaa Kidogo

JIBU: Usikate tamaa, na feni yako nadhani ni nzima kabisa. Umesema iko juu ya boksi, hujasema umekata ganda. Kama feni imekaa juu ya plastiki isiyo na tundu, unaipoza plastiki, na plastiki ni blanketi, chipu chini yake haijui kama kuna feni. Hata kama umetoboa, upepo unaosukumwa kwenda ndani unataka mlango wa kutokea, usipokuwepo unarudi palepale ulipoingilia na unaousikia mkononi ni huo uliorudishwa. Toboa matundu ubavuni kuizunguka bodi yote uone.

Na likibaki hivyohivyo fungua uangalie hitisinki, soma nilichomjibu Mpenda Mpira kuhusu pedi. Kuna njia ya haraka ya kujua: boksi likiwa limeshapata moto na programu inasoma nyuzi 80, gusa hitisinki kwa ncha ya kidole sekunde moja. Chipu iko 80 lakini hitisinki ni ya uvuguvugu tu? Basi joto halivuki, daraja limekatika. Hitisinki nayo inakuunguza? Daraja liko sawa, kinachokosekana ni hewa. Gusa hitisinki peke yake, na iwe ni boksi la adapta ya nje ya volti 5 au 12.

SWALI: Kaka fundi pole na kazi. Boksi letu linakaa kwenye kabati la TV, juu ya king'amuzi, mlango wa kioo nafunga kwa sababu ya watoto. Linapata moto sana. Mume wangu anaweka chupa ya maji ya barafu juu yake wakati wa kuangalia tamthilia na kweli linapoa. Je ni sawa? Na kama tukilihamishia kwenye kopo la chuma lenye matundu si ndo litapoa zaidi? – Mama wa Watatu

JIBU: Asante dada. Chupa ya barafu naomba muiache leo hii. Linapoa kweli, lakini chupa baridi inatoa jasho, yale matone yanayojikusanya kwa nje, yanatiririka mpaka kwenye mshono wa kasha na kwenye matundu ya HDMI. Mbaya zaidi ni unyevu unaojikusanya kwa ndani, huo huuoni, unaanza kula miguu ya vifaa na baada ya miezi boksi linakufa na hakuna anayejua kwanini.

Kwenu sioni hata haja ya kutoboa. King'amuzi chenyewe kinatoa joto kwa juu, na boksi mmelikalisha hapohapo kwenye moshi wake, ndani ya kabati lililofungwa. Litoeni juu ya king'amuzi, liwe rafu ya peke yake au mlibandike nyuma ya TV kwa utepe wa kunata wa pande mbili, ila sio karibu na matundu ya TV yenyewe yanayotoa joto. Kuhusu watoto, nyuma ya TV iliyotundikwa ukutani hawafiki, ila jaribu rimoti kwanza maana inataka kuiona ile sehemu ya mbele, maboksi mengine yana tundu la kuchomeka kijicho cha waya cha kupokea rimoti. Kama lazima libaki kabatini, bao la nyuma la kabati ndo la kutoboa, tundu moja chini na jingine juu, makubwa ya kupitisha ngumi.

Kopo la chuma hapana. Chuma kinapitisha joto vizuri, uko sahihi, lakini kinazuia mawimbi ya Wi-Fi na Bluetooth, na antena iko ndani. Utakuta intaneti inakatika na rimoti ya sauti haishiki. Yapo maboksi yenye kasha la chuma lakini hayo antena yametolewa nje au yana dirisha la plastiki.

SWALI: Kwangu ni tofauti na wote. Boksi ni la moto hata kama TV imezimwa usiku kucha. Nimetoboa, nimeweka hitisinki nzuri, lakini likiwa halifanyi kitu linasoma nyuzi 70. Jirani ana lilelile na linasoma 50. – Mwanafunzi wa Umeme

JIBU: Kulinganisha na la jirani, hapo umefanya kazi safi sana. Kwanza ukizima TV boksi halizimiki, linaendelea kuwaka, na ukibonyeza kitufe cha rimoti mengi yanalala tu nusu usingizi. Lakini nyuzi 20 zaidi ya la mwenzio likiwa halina kazi, maana yake lina kazi usiyoijua. Ingia kwenye programu zinazoendelea chini kwa chini, angalia ipi inakula prosesa, yaani nguvu ya ile chipu kubwa, na kama ruta yako inaonyesha, angalia boksi linatuma data kiasi gani saa nane za usiku.

Nasema hivyo nikimaanisha. Mwezi Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu BADBOX 2.0, vifaa vya majumbani vilivyoambukizwa virusi, TV boksi za Android zikiwemo, vingine vikiwa vimeambukizwa kabla hata mnunuzi hajavifungua. Vifaa hivyo wahalifu wanavitumia kupitishia shughuli zao kwa kupitia intaneti ya mwenye nyumba. Boksi la namna hiyo halitibiwi kwa matundu. Ukiona data inatoka bila sababu, lichomoe kwenye mtandao kwanza, badilisha nywila ulizowahi kuingiza humo, na kufuta kila kitu kwa kurudisha hali ya kiwandani kunaweza kusisaidie kwa sababu virusi vinaweza kuwa kwenye mfumo wenyewe.

Kuna sababu nyingine isiyotisha, kwa wale ambao joto linapanda kwenye video fulani tu. Siku hizi video nyingi zinakuja kwa mfumo wa kubana video unaoitwa AV1, uliotoka 2018. Chipu za zamani kama Amlogic S905X au S912 hazina sehemu maalumu ya kuufungua, kwa hiyo kazi yote inaangukia prosesa na joto linapaa. S905X4 inayo. Ukiwa na chipu ya zamani shusha ubora mpaka 1080 au 720, na kama TV yako sio ya 4K hakuna sababu ya boksi kutoa 4K, kapunguze kwenye mipangilio ya skrini.

SWALI: Fundi hayo ya TV boksi nimeyaelewa, je king'amuzi changu cha zamani ambacho waya wake unaingia moja kwa moja ukutani bila adapta, naweza kukitoboa kwa utaratibu huohuo? – Msomaji Mpya

JIBU: Hapana ndugu yangu, na nakuomba unisikilize. Boksi la adapta umeme wa ukutani unaishia kwenye adapta, ndani inaingia volti 5 au 12 ambayo haiui. Kifaa kinachoingia ukutani moja kwa moja kina sehemu ya umeme mkubwa ndani ya kasha hilohilo. Kwenye umeme wa volti 230, lile kopo kubwa la kapasita lina karibu volti 325, na linaweza kubaki na chaji hiyo muda baada ya kuchomoa waya. Ukitoboa tundu pale, mtoto akapitisha msumari au unga wa chuma ukadondoka, ni kifo au moto wa nyumba.

Hicho kipe nafasi tu, sentimita kumi juu yake pasiwe na kitu, usikifunike kitambaa, kipulize vumbi kwenye matundu yake yaliyopo kikiwa kimechomolewa. Ukiona sehemu ya umeme inatoa harufu ya kuungua au mlio mwembamba ambao haukuwepo zamani, kichomoe ukutani ukipeleke kwa fundi aliyezoea pawa saplai, kikiwa hakijafunguliwa.